Mvua Moja

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Jumamosi asubuhi, saa ambayo kila mwenye kiwanja mjini huwa ameamka na wazo moja. Malori yalikuwa yanarudi nyuma kwa kelele, wapakiaji wamejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, mashine ya kukatia nondo inalia bila kupumzika. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la zambarau lililobanwa kiunoni kwa mkanda mwembamba, kisigino kimoja kimezama kwenye mchanga, anabishana na muuza matofali.

Huyo tumwite Dokta, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia wa duka la dawa lililotazamana na hospitali, na alishachoka kuwasahihisha watu.

"Haya yamekaa siku ishirini na nane," muuzaji alikuwa anaapa. "Yamemwagiliwa asubuhi na jioni. Hata mama yangu nimemjengea haya haya!"

"Basi mama yako anaishi kwenye nyumba ya biskuti," ilisema sauti nyuma yake.

Dokta akageuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, jinzi imefifia magotini, shati jeupe limepigwa pasi hadi ukajiuliza limefikaje pale bila doa. Mfukoni mwake ilining'inia kamba yenye kipande cha shaba kilichochongoka, ile timazi ambayo mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima. Bila kuomba ruhusa alichukua tofali moja, akaliinua usawa wa kifua, akaliachia. Likavunjika vipande vitatu.

"Umevunja mali ya watu!" muuzaji akang'aka.

"Limejivunja. Mimi nimeliachia tu."

Dokta alicheka mpaka akaziba mdomo. Ilikuwa muda mrefu hajajisikia akicheka, na kicheko kilimtoka kikubwa kuliko alivyokusudia.

"Na wewe ni nani?"

"Fundi. Wananiita Timazi."

"Kwa sababu ya hicho kidude?"

"Kwa hicho, na kwa sababu siwezi kunyamaza nikiona kitu kimepinda."

"Hata watu?"

"Watu ndio zaidi. Wewe kwa mfano umelalia kushoto. Kisigino chako kinazama." Akanyoosha mkono. "Shika hapa, kabla hujaanguka nikaambiwa nimekuvunja na wewe."

Aliushika. Mkono ulikuwa mkavu, mgumu, wa moto. Mtu asikudanganye kwamba mapenzi huanzia machoni, mengine huanzia kwenye kiganja.

Sasa ni vizuri ujue Dokta alikuwa anatafuta nini pale. Mama yake alikuwa mpangaji tangu ujana wake. Alihama nyumba kumi na moja, na katika zote kumi na moja kulikuwa na mtu wa kumwambia asitundike nguo pale, asipigilie msumari hapa, asichelewe kurudi. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ilikatika akitoka kitandani kwenda mlangoni. Daktari hakusema mengi, lakini Dokta hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyezihesabu zile tembe, na aliona jinsi dozi zilivyokuwa zinapanda. Alitaka jambo moja tu duniani: mama yake afe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jambo hilo walilijua wawili. Mama alikuwa amemwapisha.

"Asijue mtu, Kitinda," alimwambia, kwa jina alilomwita tangu azaliwe, akiwa wa mwisho tumboni mwake. "Fundi akijua anamjengea mtu wa kufa, atajenga kaburi. Mimi nataka nyumba."

Kwa hiyo Dokta alitembea na daftari la maswali na kuwahoji mafundi mmoja mmoja, kama anayetafuta mchumba. Wa kwanza hakuuliza chochote, alitaka tu kujua saruji italala wapi. Wa pili alikuwa Mkandarasi, bwana mwenye viatu visivyojua matope, simu yake imejaa picha za nyumba zenye nguzo mbele na taa kwenye ngazi. "Dada, wewe nipe kiwanja tu," alisema. "Mengine niachie mimi." Alikuwa na maneno matamu, na picha zilivutia kweli, lakini Dokta alipoomba kuonana na wenye hizo nyumba, Mkandarasi akakumbuka ana kikao.

Wa tatu ni huyu wa tofali.

Timazi alipofika kwenye chumba chao cha kupanga hakuchora kwanza. Alivua viatu, akamsalimia Mama shikamoo, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda chake na kufungua daftari la shule.

"Mama, mwenye nyumba ni wewe. Asubuhi ukifungua macho unataka uone nini?"

Mama akamtazama binti yake, akamrudia fundi. "Sijawahi kuulizwa swali hilo, baba."

"Chukua muda wako."

"Nataka nione nani anaingia getini. Nikiwa nimelala. Maisha yangu yote watu wananigongea mlango ndipo nijue wamefika."

"Dirisha la chini basi. Na chumba chako kitakuwa mbele, upande wa juu wa kiwanja, karibu na geti. Na nini kingine?"

"Mlango usiwe na kizingiti. Miguu hii haipandi."

Timazi aliandika yote kwa mwandiko mkubwa wa mtoto wa darasa la pili. Alipoondoka, Mama akasema, "Huyo ndiye."

"Fundi?"

"Yote mawili," akajibu, akageukia ukutani akijifanya amelala.

Kiwanja chao kiliteremka. Huko juu, penye geti, chini kulikuwa na changarawe ngumu. Huko chini kulikuwa na udongo mweusi. Timazi alichimba shimo la urefu wa mtu, akaingia ndani, akatoka na donge jeusi, akalimwagia maji kwenye sahani na kumwita Dokta aangalie. Baada ya saa moja donge lilikuwa limetanuka na kujaza sahani.

"Unaona tabia yake? Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Huu unatuchezea. Msingi nitauteremsha mpaka chini kabisa, halafu tuache mvua moja ipite. Nikiona umetulia, napandisha kuta."

"Mvua moja tu?"

"Moja inatosha."

Baada ya wiki sita msingi ulikuwa umekamilika, na katika wiki hizo sita Dokta alikuwa anatoka kazini mbio, bado na koti lake jeupe, kwenda kumshikia fundi ncha ya kamba. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake, wala hawakumhitaji, lakini kila jioni kulionekana kuna kipimo kimoja kilichobaki ambacho hakiwezekani bila yeye.

"Vuta," Timazi alikuwa anasema.

"Nimevuta."

"Vuta na wewe uje nayo."

Na simu ndizo usiseme. Asubuhi kabla hajafungua duka: "Dokta wangu, kichwa kinauma." "Kunywa maji." "Nimekunywa. Nadhani ni dawa ya kuonana na wewe." "Hiyo imeisha, njoo Ijumaa." "Ijumaa nitakuwa marehemu." Alikuwa anacheka peke yake nyuma ya kaunta, mikono imeshika chupa za watu, na wagonjwa walimtazama kwa wasiwasi.

Siku moja, wamekaa juu ya msingi miguu inaning'inia, Timazi alimwuliza kama akishamaliza nyumba ya Mama anaweza kuja kuzungumza naye kuhusu jambo lingine. Dokta aliangalia viatu vyake vyenye matope. Alisema, "Maliza kwanza." Lakini aliisema akiwa amemshika kidole, kwa hiyo jibu lilieleweka.

Mwezi huo huo dozi za Mama ziliongezwa mara mbili.

Jumatano moja, kiangazi bado kinachoma, mawingu yalikusanyika ghafla na mvua ikapiga mabati kwa saa nzima. Dokta alitoka kazini analowa bila kujali. Alimkuta Mama ameshuka kitandani, amefunga khanga zake, sufuria mbili na redio ndani ya shuka, na amekalia mzigo akihema, uso wote unang'aa.

"Imenyesha, Kitinda! Mpigie!"

Alimpigia palepale.

"Fundi wangu! Sikiliza hiyo." Akasogeza simu dirishani.

"Nasikia maji."

"Siyo maji, ni mvua! Mvua moja hiyo! Mama amefunga mizigo. Kesho unaanza saa ngapi?"

Timazi akacheka. Hapo ndipo alipokosea, kucheka kabla ya kuuliza.

"Dokta wangu, hayo ni manyunyu ya kupita. Mvua moja ni msimu. Masika yote, yaanze mpaka yaishe."

"Msimu?"

"Miezi minne tangu leo. Mitano, nikiona udongo bado unacheza."

Dokta alitazama mzigo. Mama alikuwa anamfuata midomo, anatabasamu, anangoja kuambiwa ni saa ngapi.

"Ulisema mvua moja."

"Ndivyo nilivyosema."

"Mtu mzima unasema mvua moja, kumbe unamaanisha miezi mitano?"

"Aliyenifundisha kazi alikuwa anahesabu hivyo. Mvua moja, mvua mbili. Sikujua kuna hesabu nyingine. Mbona sauti imebadilika? Kuna jambo hujaniambia?"

Tabasamu la Mama lilikuwa limekwisha. Aliinua mkono wake uliovimba, akatikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Hakuna," Dokta alisema.

"Kweli?"

"Nimesema hakuna."

"Basi tulia, mpenzi. Nyumba haina haraka. Nyumba itatuzika wote, mimi, wewe na Mama pia."

Alilisema kwa mapenzi, jinsi mtu anavyosema neno ili kumbembeleza mwenzake. Dokta alikata simu. Alikaa chini kando ya mama yake, juu ya ule mzigo, na wote wawili wakasikiliza mvua ikipungua mpaka ikawa matone ya kwenye mabati.

"Miezi mitano," Mama akasema. "Sina, mwanangu."

"Najua."

"Yule mwingine alisema muda gani?"

Yule mwingine, Mkandarasi, alikuwa amesema wiki sita. Alifika kesho yake na viatu vyake safi, akautembea msingi kwa hatua ndefu, akaukanyaga kwa kisigino. "Huu ni msingi wa ghorofa, dada! Kuna nini cha kungoja? Mafundi wengine wanapenda kazi isiishe, na hasa kama mwenye kazi ni mrembo." Maneno hayo yalimwingia Dokta pale pale palipokuwa panauma. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa sababu ambayo kwa kweli hakuihitaji, maana sababu yake ilikuwa imelala nyumbani, ikihema.

Hakumwambia Timazi. Alisema moyoni atamwambia kesho, na kesho yake akasema kesho. Simu zake alizipokea kwa neno moja moja, halafu hakuzipokea kabisa. Siku ya nne Timazi alipita kiwanjani na kukuta watu asiowajua wanachanganya zege juu ya msingi wake.

Alimpigia kutoka kule kule. Nyuma ya sauti yake mashine ilisikika.

"Dokta, kuna watu hapa."

"Najua."

"Wanajenga."

"Najua, Timazi. Nimewapa mimi."

"Udongo haujatulia."

"Nimekusikia mara ya kwanza."

"Sikupigii kwa sababu ya kazi. Kazi nyingine zipo. Nakupigia kwa sababu wewe utalala humo ndani. Kama hunitaki ungeniambia kwa mdomo. Hii ya kuniambia kwa matofali ya mtu mwingine sijaielewa."

Dokta alikuwa amejifungia stoo, paji la uso kwenye rafu ya dawa. Angeweza kusema neno moja hapo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Akakumbuka mkono wa mama yake ukiinuka hewani, akalimeza.

"Sina la kukueleza," alisema.

"Haya. Nakutakia kila la heri." Na huyo hakupiga tena. Wiki hiyo alichukua kazi ya shule katika mji mwingine, akaondoka.

Mkandarasi alitimiza neno lake, tusimsingizie. Wiki ya sita nyumba ilikuwa imesimama, imepakwa rangi ya krimu, ina nguzo mbili mbele. Ila mbele aliweka sebule, kwa kuwa, alisema, mgeni anakaribishwa sebuleni, hakaribishwi kwa mgonjwa. Chumba cha Mama kilipelekwa nyuma, kwenye pembe ya chini, "pametulia." Dirisha lilikuwa la juu kama madirisha yote. Mlangoni kulikuwa na kizingiti, na Mama alibebwa kukivuka, mikono shingoni kwa binti yake, akisema mara mbili kwamba hajambo, hajambo.

Usiku wa kwanza alipapasa ukuta kando ya kitanda kwa kiganja kizima. Asubuhi aliomba nyundo na msumari. Dokta alimshika kiwiko, na Mama akapigilia msumari palepale alipotaka, akatundika mkoba wake. Alifurahi, hilo lazima lisemwe. Alifurahi sana.

Lakini kutoka pale alipolala aliona mbingu tu. Dokta aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda ili kumwinua, na sasa Mama akaona ukuta wa jirani. Geti lilipolia, Mama alifungua macho.

"Nani huyo?"

"Ni muuza maziwa, Mama."

"Na huyo?"

"Ni upepo."

Siku ya tisa aliuliza, "Yule mtoto na daftari lake amepotelea wapi?" Dokta akasema amepata kazi mbali. Mama akamtazama kwa muda. "Nilikufunga mdomo vibaya, Kitinda," alisema. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, geti lilipolia hakuuliza.

Masika yalianza wiki mbili baada ya mazishi, na safari hii hayakuwa manyunyu. Ufa wa kwanza ulitokea kwenye pembe ya dirisha la chumba cha nyuma, mwembamba kiasi kwamba Dokta alifikiri ni unywele. Baada ya wiki tatu aliweza kuingiza kidole. Mlango ukagoma kufunga. Mkandarasi alimtuma mtu mmoja na ndoo ya lipu, akauziba, akapaka rangi, na siku ya tano ukafunguka tena, mpana zaidi. Kisha simu ya Mkandarasi ikawa haipatikani.

Dokta hakuhama chumba hicho. Alikuwa analala kwenye kitanda cha mama yake, kama kule ni kulala. Alikuwa anajinyoosha, macho wazi, anasikiliza ukuta ukitoa sauti ndogo ndogo, na mto bado ulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya Mama.

Timazi alirudi mjini kutafuta mabati, akapita duka la dawa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Mwenzake Dokta kazini ndiye aliyemwambia: yuko likizo ya msiba, mama yake amefariki, tangu mwezi uliopita. Alifika nyumbani kwa Dokta mchana, amelowa chapachapa, lile shati jeupe limegandamana mwilini. Dokta alifungua mlango akiwa na khanga mbili za mama yake, moja kiunoni, moja mabegani, macho yameingia ndani.

"Pole," Timazi alisema. "Sikujua. Pole sana, Dokta."

"Asante. Ingia, unalowa."

Aliingia, na kabla hajaketi macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani. Hakuweza kujizuia, ndivyo alivyoumbwa. Aliufuata ufa uliokuwa unakimbia juu ya mlango wa korido, akaenda nao mpaka chumba cha nyuma. Alishusha timazi yake kando ya ukuta. Kamba ilisimama. Ukuta ulikuwa umeiacha kwa upana wa kiganja.

"Pembe hii ndiyo niliyokuwa naihofia," alisema taratibu. Kisha akaona kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, msumari, mkoba. "Alilala huku nani?"

"Mama."

"Mama chumba chake kilikuwa mbele."

"Mkandarasi alisema mbele ni sebule."

Timazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Siku ile ya manyunyu. Alikuwa ameshaugua kiasi hiki?"

"Nilikuwa nimehesabu miezi miwili," Dokta alisema. Sasa ilimtoka yote, sauti yake kavu, haina machozi. "Alinikataza kusema. Alisema ukijua utamjengea kaburi. Nilisimama na simu nikikusikia unasema nyumba haina haraka, na yeye amekaa juu ya mizigo yake ananiangalia. Nisingeweza kungoja mvua yako, Timazi. Hakuwa na mvua."

Timazi alifunika uso kwa viganja vyake. Alipoviondoa alikuwa amezeeka.

"Chumba chake kilikuwa kwenye changarawe," alisema.

"Nini?"

"Kile cha mbele, cha getini. Huko juu hakuna udongo wa kuvimba. Pale sikuwa nangoja kitu. Nilikuwa nangojea huku chini, ili nyumba yote ipande pamoja." Aliongea polepole, kama mtu anayetamani maneno yaishe kabla hajafika mwisho. "Ungeniambia, ningepandisha kile kimoja. Chumba kimoja na paa lake. Wiki mbili na nusu. Angelala pale anaona geti, na nyumba iliyobaki ingemfuata baadaye."

Dokta alishika ukingo wa meza. Miezi yote hiyo alikuwa amejifariji kwa jambo moja: kwamba hapakuwa na njia nyingine. Alichagua, akapoteza, lakini hapakuwa na njia nyingine. Sasa njia ilikuwa imekaa mbele yake kwenye kitanda, inadondosha maji sakafuni.

"Usiseme tena," alimwambia.

"Sisemi."

"Usije ukaniambia tena maisha yako yote."

"Sitasema, Dokta."

Mvua iliongezeka. Ukuta ukatoa ule mlio wake mdogo na punje za lipu zikamwagika kwenye mto. Timazi alisimama mara moja.

"Chumba hiki lazima kibomolewe. Leo. Na wewe hulali humu tena."

"Hapana."

"Ukuta utakuangukia."

"Bado kuna harufu yake." Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupasuka. "Sijalala tangu afe. Nataka nilale mara moja tu humu, usingizi wa kweli, halafu ufanye unavyotaka. Uzuie tu, kidogo. Nakuomba."

Timazi alimtazama, akautazama ukuta. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuziba ufa bila kuufuata chini, aliyegombana na matajiri na kuacha kazi zao kwa ajili ya upana wa kidole. Alitoka nje kwenye mvua. Dokta alimsikia nyuma ya nyumba akiburuta mirunda iliyoachwa na watu wa Mkandarasi, zile nguzo za miti za kupandia juu. Aliingiza minne, akaiegemeza ukutani, akaikaza kwa vipande vya mbao akipiga nyundo polepole asije akautikisa.

"Hii si kazi," alisema alipomaliza, anahema. "Nataka ujue kwamba najua hii si kazi."

"Najua."

"Lala. Ukinisikia nakuita, unatoka bila kuuliza."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi. Siiamini hii niliyoifanya, kwa hiyo nitakaa nayo."

Alichukua ndoo, akaigeuza, akaketi kati ya kitanda na ukuta, mgongo umeegemea mmoja wa mirunda ili ukisogea aamke yeye kwanza. Dokta alijilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni. Alimtazama kisogo, shingo yenye mikunjo ya jua, lile sikio alilozoea kulivuta akimtania. Alimpenda. Hilo halikuwa limepungua hata kidogo, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Kisha usingizi ukamchukua bila taarifa.

Alipozinduka bado kulikuwa na mwanga, wa kijivu, wa alasiri. Mvua ilikuwa imetulia. Timazi alikuwa palepale, kiganja chake chote kimeshikilia ukuta.

"Umelala kwa saa tatu," alisema bila kugeuka.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kazini."

Dokta alikaa kitandani. Alinusa mto, akaona harufu sasa ni yake mwenyewe. Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka tangu asubuhi ile ya geti yalitoka, mengi, bila kelele, na Timazi aliyahisi ila hakuacha ukuta.

"Timazi. Kila nitakapokuangalia nitakiona kile chumba cha mbele."

"Na mimi hivyo hivyo."

"Sijui kama mtu anaweza kuishi hivyo."

"Sijui pia," alisema. "Mimi nilicheka kwenye ile simu. Nikilala nasikia kile kicheko. Lakini ukuta huu haungoji tujue. Tukimaliza kuubomoa, ukiniambia niende, nitakwenda. Ukinyamaza, nitakuwepo."

Dokta alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alishuka kitandani, akatoa mkoba wa mama yake msumarini, akauvaa begani. Akaviringisha shuka, mto na blanketi, akavipeleka sebuleni, akarudi. Hakumwambia aende. Hakumwambia abaki.

"Kitanda ni kizito," alisema.

Timazi aliachia ukuta pole pole, kidole kimoja kimoja, akiusikiliza. Ulibaki umesimama. Akaja upande wa kichwani, Dokta akashika upande wa miguuni, wakahesabu hadi tatu kwa sauti moja, wakakinyanyua.